Sugu ni bakteria, si mwili

"Mwili wangu umeshakuwa sugu kwa amoksilini." Nimeisikia kauli hii mara nyingi, na safari hii aliyeitamka alikuwa ameshika majibu ya maabara yanayosema jambo tofauti kabisa.

Kipimo chenyewe kinaangalia usikivu wa bakteria kwa antibayotiki. Bakteria waliooteshwa kutoka kwenye mkojo, usaha au damu hupakwa juu ya agari, yaani chakula chao kilichoganda kama jeli kwenye sahani ya maabara, kisha huwekwa vipande vya karatasi vya duara, vya milimita 6, kila kimoja kikiwa na dawa yake. Sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hivi kwa saa 16 hadi 18. Penye dawa inayowazuia bakteria hubaki duara tupu, ambalo hupimwa na kulinganishwa na jedwali la dawa ileile. (Usilinganishe duara la dawa moja na la nyingine: vankomaisini, kwa mfano, ina molekuli kubwa na husambaa polepole kwenye agari.) Majibu huandikwa S kwa bakteria wanaozuilika na R kwa walio sugu.

Nadhani neno lenyewe limechangia kutupoteza. Sugu ni la ukoo mmoja na kusugua: ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa kushika mpini wa jembe kila siku. Humea kwa mtu, kwa mazoea, kidogo kidogo. Basi anayesikia "usugu wa dawa" hufikiria mwili uliomeza vidonge vingi hadi ukaota ngozi ngumu ndani, ukaizoea dawa.

Lakini itazame ile sahani. Mgonjwa hayumo. Hakuna tumbo, ini wala damu yake inayozunguka. Kuna bakteria, chakula chao na dawa. Wakiota hadi ukingoni mwa karatasi, usugu ni wao.

Hata kwao si mazoea. Dawa huua walio dhaifu. Wale ambao jeni zao zinawawezesha kustahimili hubaki na kuzaana. Wengine hupokea jeni hizo kutoka kwa bakteria wenzao, hata wa aina nyingine. Kiganja kimoja huota sugu, ila bakteria mmoja mmoja hawakomai hivyo. Kinachobadilika ni nani amebaki hai.

Nalisisitiza hili kwa sababu linagusa matibabu. Bakteria sugu huambukiza, kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kumeza amoksilini anaweza kuugua ugonjwa ambao amoksilini haiutibu. Na yule aliyepata R mwaka jana anaweza mwaka huu kuwa na bakteria wengine wanaozuilika vizuri na dawa ileile. Ingekuwa mwili ndio sugu, sampuli mpya isingekuwa na haja ya kupimwa upya. Mwili kuikataa dawa kwa vipele au kuvimba midomo ni mzio, nao ni habari nyingine ambayo kipimo hiki hakiigusi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, karatasi yako inasema hivi: bakteria waliopatikana kwenye mkojo wako safari hii ni sugu kwa amoksilini. Ukienda kwa daktari mwingine mwambie hivyohivyo, na umtajie tarehe ya kipimo.