Je, wajua kwa nini himofilia, ugonjwa wa kurithi ambao damu hukawia kuganda, hufuata upande wa wajomba?

Bungoma, Agosti ya miaka ya shufwa, wavulana wa Kibukusu huingia jandoni. Akitokea mmoja ambaye damu yake inakatika kisha inarudi usiku, usianze na ukoo wa baba. Uliza kwanza habari za wajomba zake: nani alivimba magoti utotoni? Nani alitokwa na damu siku kadhaa baada ya kung'olewa jino?

Maagizo ya kutengeneza fakta ya 8 na ya 9, protini zinazogandisha damu, yamo kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Mama anazo X mbili, hivyo moja ikiharibika nyingine humsaidia. Mvulana ana moja tu, naye huipata kwa mamaye. Kila mtoto wa kiume wa mama mbebaji, yaani mwenye X moja iliyoharibika, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua. Baba mwenye himofilia hawarithishi wanawe wa kiume, lakini binti zake wote ni wabebaji. Ndiyo maana ugonjwa huonekana kwa babu mzaa mama, ukapotea, ukamzukia mjukuu. Hata hivyo, takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika familia, kwa hiyo wajomba kuwa wazima si kinga.

Damu ya mgonjwa haitoki kwa kasi kuliko ya wengine, hukawia kukoma. Hatari kubwa imejificha ndani ya goti, kiwiko na kifundo cha mguu. Mtoto akisema kiungo kinamchonyota au ni cha moto, mwaminini hata kama hakijavimba, na apewe fakta saa hiyo hiyo. Kungoja asubuhi kunaharibu gegedu, nayo haioti tena.

Uniti 1 ya fakta ya 8 kwa kila kilo hupandisha kiwango chake katika damu kwa asilimia 2. Mtoto wa kilo 20 anayehitaji asilimia 40 hupewa uniti 400. Baada ya saa 12 hivi nusu imekwisha, ndiyo maana kidonda hakitoshelezwi na dozi moja. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni huzidisha kuvuja, na sindano ya msuli huacha damu imevilia ndani.

Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha kwanza, zikihesabiwa huwa za kawaida, jambo linalowapoteza wengi. Ombeni kipimo cha APTT, kinachopima muda wa damu kuganda, kisha cha fakta yenyewe. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ina kliniki ya himofilia. Mvulana akithibitishwa, atahiriwe hospitalini, fakta ikitangulia kisu na kuendelea hadi kidonda kipone.