Meli za Waholanzi: yanayosemwa na yalivyo

"Ever Given iliokolewa na kijiko kimoja."

Machi 2021 picha ya kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, kikichokora mchanga chini ya pua ya Ever Given, meli ya mita 400 iliyokwama na kuziba Mfereji wa Suez, ilizunguka kwenye simu za dunia nzima. Kijiko kilifanya kazi yake, tusikidharau. Lakini Mamlaka ya Mfereji wa Suez ilikuwa pia imeita SMIT Salvage, tawi la kampuni ya Kiholanzi ya Boskalis, ambayo shina lake ni biashara ya tagi, vyombo vya kukokotea meli, iliyoanzishwa na Fop Smit mwaka 1842. Mita za ujazo zipatazo 30,000 za mchanga zilichimbwa na tagi nzito zikaletwa, mojawapo ikiwa ALP Guard yenye bendera ya Uholanzi. Kisha wakangoja bamvua, maji makuu ya mwezi mpevu au mwandamo. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 28. Kesho yake meli ikaelea. Mvuvi wa Lamu au wa Pemba hahitaji kuelezwa kwa nini ikawa siku hiyo na si nyingine.

"Waholanzi walitawala bahari kwa mizinga."

Mizinga walikuwa nayo. Kampuni yao ya Mashariki, VOC, iliyoundwa 1602, iliwaangamiza watu wa visiwa vya Banda mwaka 1621 kwa ajili ya kungumanga. Hata hivyo mizinga haikufua dafu kila mahali: 1607 na 1608 walizingira ngome ya Wareno katika Kisiwa cha Msumbiji, na mara zote mbili wakaondoka bila kuiteka.

Nguvu yao halisi ilikuwa mbao na nauli. Mwaka 1593 Cornelis Corneliszoon wa Uitgeest alipewa hakimiliki ya kinu cha upepo cha kupasulia magogo, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa msumeno wa mkono. Karibu wakati huohuo, mjini Hoorn, ilianza kuundwa fluyt: meli ya tumbo pana, mizinga michache au hakuna kabisa, mabaharia wachache. Haikuwa na urembo wowote, ila ilibeba nafaka na mbao za Baltiki kwa nauli ambayo wenzao hawakuiweza. Ndiyo maana Petro Mkuu wa Urusi, alipotaka kujifunza kuunda meli mwaka 1697, alikwenda Zaandam, kisha akashika shoka katika karakana ya VOC huko Amsterdam.

"Meli zao kubwa za leo huundwa Uholanzi."

Sleipnir, meli ya kreni ya kampuni ya Heerema, iliundwa Singapore na kukamilika 2019. BOKA Vanguard, ambayo hujizamisha kidogo na kubeba mitambo mizima mgongoni, ilitoka kwa Hyundai, Korea Kusini. Pioneering Spirit, meli ya kuinulia majukwaa ya mafuta, nayo iliundwa Korea Kusini, kwa Daewoo, ikaja Rotterdam kumaliziwa. Tena mwenye meli hiyo, kampuni ya Allseas, ana makao makuu Uswisi. Damen, kampuni ya Kiholanzi ya kuunda meli, ina karakana Romania na Vietnam. Kilichobaki nyumbani zaidi ni michoro na hesabu, na kwa maoni yangu hapo ndipo faida ilipo.

"Anayeinua mzigo ni kreni."

Hapa ndipo wengi hupotea. Mwaka 2017 Pioneering Spirit ilibeba sehemu yote ya juu ya jukwaa la mafuta la Brent Delta katika Bahari ya Kaskazini, tani 24,000 kwa mkupuo mmoja, bila kutumia kreni. Meli hiyo ina pua mbili. Iliingia taratibu, jukwaa likawa katikati ya pua hizo, mihimili ikatambaa chini yake, kisha maji yakapigwa pampu kutoka kwenye matangi. Chombo kilivyozidi kuwa chepesi kikapanda, na jukwaa likapanda nacho. Muda wote huo hakuna nanga iliyotupwa. Kompyuta inayosoma setilaiti na upepo huziamuru propela zisukume huku na huku ili meli isisogee. Hata Sleipnir, yenye kreni mbili za tani 10,000 kila moja, bila hesabu za maji ya matangi ingelala ubavu.

"Kazi ni mafuta tu."

Brent Delta lilikuwa likiondolewa baada ya kustaafu. Na tangu shamba la Egmond aan Zee, mitambo 36 ya upepo iliyosimamishwa baharini mwaka 2006, kazi ya umeme wa upepo imezidi kukua.

"Urithi huu ni wa fahari tupu."

VOC ilinunua na kuuza watumwa katika Bahari ya Hindi. Mfalme wa Uholanzi aliomba radhi kwa utumwa tarehe 1 Julai 2023. Na Pioneering Spirit ilipoingia Rotterdam Januari 2015 ilikuwa ikiitwa Pieter Schelte, jina la baba wa mwenye Allseas, Edward Heerema. Mzee huyo alikuwa mhandisi hodari. Alikuwa pia ofisa wa Waffen-SS, kikosi cha kijeshi cha Wanazi wa Hitler. Malalamiko yakaja kutoka Uingereza na Uholanzi, na mwezi uliofuata jina likabadilishwa. Kampuni aliyoianzisha mzee mwenyewe bado inaitwa Heerema, na ndiyo yenye Sleipnir.