PACAP, Peptidi Inayokinga Ubongo Uliokosa Damu: Maswali na Majibu

Peptidi za neva ni nini?

Ni minyororo mifupi ya asidi amino ambayo seli za neva huitengeneza ili kupelekeana taarifa. PACAP, mojawapo ya peptidi hizo, yenye asidi amino 38 katika umbo lake kuu, ilitambuliwa mwaka 1989 na maabara ya mtafiti Akira Arimura huko New Orleans, Marekani, kutoka kwenye ubongo wa kondoo.

Inaukinga ubongo kwa namna gani?

Bonge la damu linapoziba mshipa wa ubongo, yaani mtu anapopata kiharusi, seli zilizo katikati ya eneo lililokosa damu hufa ndani ya dakika chache, lakini za pembezoni huendelea kuishi kwa saa kadhaa zikiwa zimedhoofika, huku glutamati, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana taarifa, ikifurika baina yao na kalsiamu ikiingia ndani yake kupita kiasi. Hizo za pembezoni ndizo zinazopiganiwa. PACAP hushikamana na kipokezi kiitwacho PAC1, ikazuia seli isijiue na kutuliza seli za kinga ambazo, zikichachamaa, huongeza madhara. Katika panya wa maabara, ilipunguza eneo lililokufa hata ilipotolewa saa kadhaa baada ya mshipa kuzibwa.

Mbona hospitali haziitumii?

Vimeng'enya vya damu huivunja ndani ya dakika chache. Isitoshe, hutanua mishipa, na watu waliodungwa katika utafiti walipata maumivu ya kichwa, wenye kipandauso wakiumwa zaidi. Panya, tukumbuke, huwa kijana na mzima, ilhali mgonjwa wa kiharusi mara nyingi ni mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari. Hata nerinetaidi, peptidi iliyobuniwa maabara na kujaribiwa kwa wagonjwa 1,105, haikuonyesha manufaa kwa jumla katika matokeo ya mwaka 2020. Ilionekana kudhoofishwa na alteplezi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu.

Je, vidonge vya peptidi vinavyouzwa mitandaoni vinafaa?

Havifai. Peptidi kama PACAP ikimezwa humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote, na ninasikitika kwamba familia zenye mgonjwa hutumia fedha zao huko.

Basi mgonjwa asaidiwe vipi?

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, mpelekeni mara moja hospitali yenye kipimo cha CT, mkikumbuka saa dalili zilipoanza, kwa kuwa alteplezi hutolewa ndani ya saa 4.5. Msimpe aspirini nyumbani, kwani aina nyingine ya kiharusi hutokana na mshipa kupasuka, na kipimo hicho ndicho kinachotofautisha.