"Tangu huyu mtoto aje": dhana potofu kuhusu ndoa na kijana mnayeishi naye

Mwezi huu nimeisikia kwa mara ya tatu, kutoka kwa wanandoa wa tatu: "Tulikuwa sawa kabisa mpaka huyu mtoto alipokuja." Mtoto mwenyewe ana miaka 16, mwana wa dada yake mke, amekuja kukaa nao mpaka amalize masomo. Kati ya dhana zote ninazokutana nazo katika kushauri wanandoa, hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa kuwa inambebesha kijana lawama isiyo yake huku wenye ndoa wakizidi kuchelewa kujitazama.

Kijana hakuvunja kitu. Amekuta ufa, na kuwepo kwake kumeuonyesha. Daktari wa akili wa Marekani, Murray Bowen, aliliita jambo hili pembetatu: watu wawili wakizidiwa na msuguano wao, humvuta wa tatu ili mzigo upate pa kuegemea. Basi wanagombana kuhusu taa aliyoiacha inawaka, kumbe wanagombana kuhusu wao wenyewe.

Mume mmoja alinieleza kwa uchungu kwamba kila usiku akirudi anakuta sahani ya kijana imefunikwa mezani, yake haipo. Nikamwuliza mkewe aliacha lini kumfunikia mumewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Aliacha kuniambia anarudi saa ngapi, nami nikaacha kufunika." Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla kijana hajatia mguu nyumbani kwao.

Ndiyo maana wote nawapa kazi ileile, na siwabembelezi: dakika 20 kila siku, nyinyi wawili, simu zikae mbali, na jina la kijana lisitajwe. Siku za mwanzo wengi hukosa la kusema. Msikimbie ukimya huo. Ulikuwepo kabla yake, na ndio tunaopaswa kuutibu.

"Akiondoka, amani itarudi." Hurudi kwa muda. Kisha ugomvi hupata kingine cha kukalia: simu, mkwe, pesa. Na kijana ameshaondoka akiamini kwamba alivunja nyumba ya watu.

"Analala mpaka mchana, ni dharau." Balehe husogeza saa ya mwili: melatonini, homoni ya usingizi, huanza kutoka usiku zaidi kuliko kwa mtu mzima, na mwenye miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Mpangieni kazi zake jioni, yaishe.

"Ni ndugu yako, shughulika naye mwenyewe." Hapana. Masharti ya nyumba mnakubaliana wawili, faraghani. Baada ya hapo aliye wa damu ndiye ayaseme, na mwenzake asiyapinge mbele ya kijana.

"Binti ndiye anayemtega mume wangu." Kwa hili sina subira hata kidogo. Mipaka ni wajibu wa mtu mzima, siku zote. Kama una shaka na mwenendo wa mwenzako, binti apelekwe mahali salama leo hii, bila kulaumiwa, na maswali aulizwe huyo mtu mzima.

"Ni mtoto, haelewi kinachoendelea." Anaelewa vizuri sana. Ndiye anayetumwa, "Mwambie baba mdogo chakula kiko tayari," ilhali baba mdogo amekaa hatua tatu kutoka hapo. Ndiye anayeongeza sauti ya muziki masikioni mlango unapobamizwa. Msimfanye tarishi wenu. Ketini naye wote wawili, mmwambie kwa maneno haya haya: "Tuna matatizo yetu, yalikuwepo kabla yako, na tunayashughulikia wenyewe." Kisha mwulizeni kama amekula.