Kabla ya kujenga ukuta wa bahari, ulizia mchanga

Wenye viwanja vya ufukweni wanaofika ofisini kwetu mara nyingi huja na michoro tayari. Wanataka kujua jambo moja: ukuta uwe na kimo gani ili bahari isifike kibarazani? Mtu ambaye kila bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, linamega kipande cha bustani yake ana haki ya kuuliza hivyo. Ila cha kuuliza kwanza ni mchanga uliokuwa mbele ya nyumba umekwenda wapi, na kwa nini mwingine haukuja kushika nafasi yake.

Mchanga wa ufukweni hautulii. Katika pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, upande wa Mbezi na Kunduchi, mawimbi ya kusi, upepo wa kusini, hupiga kwa mshazari na kuusogeza kuelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi hivi, sehemu yake hurudishwa kusini. Ndiyo maana ufukwe uleule unaweza kuwa mpana msimu mmoja na mwembamba msimu mwingine, na kusiwe na hasara yoyote. Aliyekwenda kuangalia kiwanja siku moja tu, maji yamekupwa na jua linawaka, hajaona anachonunua. Arudi upepo ukigeuka. Arudi pia wakati wa bamvua kubwa, Machi au Septemba, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam hukaribia mita 4. Na awaulize wavuvi wazee wa hapo walikuwa wakipandisha wapi vyombo vyao. Wanajua mengi ambayo hati ya kiwanja haiyasemi.

Hasara huanza pale mchanga unaoondoka unapozidi unaoletwa, na mwingi wa unaoletwa hutoka mitoni. Mito kama Mbezi na Tegeta ilikuwa ikiushusha hadi baharini kila masika, lakini kwa miaka mingi mabonde yake yamechimbwa mchanga wa ujenzi. Lori likishapakia bondeni, mzigo ule hautafika ufukweni tena. Baadhi yake, nadhani, umo ndani ya kuta hizihizi tunazoombwa kuzishauri. Huko baharini nako, miamba ya matumbawe iliyovunjwa kwa baruti za wavuvi haramu, au iliyochimbwa kwa ajili ya chokaa, haipunguzi tena nguvu ya mawimbi kama zamani.

Usawa wa bahari duniani nao ulipanda kwa takribani sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi inaongezeka. Jambo hilo ni la kweli na linatuhusu, lakini sipendi linapogeuzwa kisingizio cha kila kitu. Hoteli ya Africana pale Kunduchi ilishindwa na bahari na kuachwa kabla mabadiliko ya tabianchi hayajawa gumzo la mitaani. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kilisifika kwa kasa waliopanda kutaga. Miti ikakatwa, kisiwa kikamegwa na bahari, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 palibaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka.

Sasa ukuta. Ukuta wima wa zege hauliondolei wimbi nguvu, unalirudisha. Wimbi lililorudishwa huchimba chini, ufukwe ulio mbele hushuka, na msingi usiokwenda kina cha kutosha huanza kuning'inia. Kuta nyingi ninazoziona zimelala kifudifudi hazikusukumwa na bahari. Zilisukumwa na maji ya mvua yaliyojaa nyuma yake kwa kukosa matundu ya kutokea, huku mchanga wa chini ukiwa umeshakwenda. Mteremko wa mawe makubwa, yaliyopangwa juu ya kitambaa cha kuchujia kinachopitisha maji na kuzuia mchanga, huvunja wimbi vizuri zaidi na hutengenezeka kipande kwa kipande. Hata huo una ncha mbili, na bahari ikizuiwa katikati hupenya kwenye ncha, yaani kwa jirani.

Vizuizi vinavyojengwa kuingia baharini ndivyo vinavyoleta ugomvi zaidi. Upande mmoja mchanga unajaa, upande wa pili unaliwa, sawa na mkulima wa juu aliyeziba mfereji wa umwagiliaji. Jirani naye hujenga chake, na wa tatu chake.

Sisemi kuta zisijengwe kabisa. Ukuta wa kando ya Barabara ya Barack Obama, uliokamilika 2018, unalinda barabara ya jiji ambayo haiwezi kuhamishwa. Bustani na banda la kupumzikia vinahamishika.

Kuhusu mikoko: inafaa sana, lakini kwenye tope la midomo ya mito na hori zilizotulia. Ukiipanda kwenye ufukwe wazi wa mchanga, mawimbi huing'oa, halafu watu husema miti haisaidii. Hapo acha majani yatambaayo yenye maua ya zambarau, yale ambayo watunza bustani hupenda kuyafyeka. Mizizi yake hushika mchanga. Acha pia majani ya bahari yaliyotupwa ufukweni. Kila yanaposombwa kwa toroli ili pawe safi, mchanga nao huondoka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kwa maoni yangu, hicho ni kiwango cha chini. Ukingo ukirudi nyuma mita 1 kwa mwaka, nyumba iliyowekwa mita 60 leo itabakiwa na 30 baada ya miaka 30, nayo bado imara.

Kwa aliyekwisha kuwa karibu, yapo ya kufanya bila kusubiri ukuta. Hamisha shimo la maji taka lije nyuma ya nyumba, kwa sababu likifunuliwa linachafua ufukwe wa mtaa mzima. Elekeza maji ya paa na ya ua mbali na ukingo. Usichote mchanga wa ufukweni, hata ndoo chache za kujazia maua. Kama kinga haiepukiki, wenye viwanja waiombe pamoja, mchoro mmoja kwa ufukwe mzima, na wawaone Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) mapema kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira.

Na anzeni kupima leo. Chagua kona ya nyumba isiyohama, pima kwa futi kamba hadi ukingo kila bamvua, andika tarehe na upepo unaovuma, piga picha ukisimama palepale. Daftari la misimu minne humwonyesha mhandisi kama ufukwe unaliwa kweli au unakwenda na kurudi, na pengine likamwonyesha kwamba ukuta hauhitajiki.