Kesi ya kundi: taarifa za wateja zikivuja, nani ashitaki?

Juzi nilinunua kachori Darajani, hapa mjini Zanzibar. Nilipomaliza ya pili nikaigeuza karatasi iliyofungiwa: fomu ya mteja wa mahali fulani, jina kamili, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho na saini. Picha ilikuwa imeshalowa mafuta nusu.

Huyo ni mtu mmoja. Sasa chukulia kampuni yenye wateja laki mbili, na taarifa zao zote zimetoka usiku mmoja kwenye kompyuta. Kila mteja ameumia, lakini kidogo kidogo: huyu kasumbuliwa na matapeli wa simu, yule kabadilisha laini. Nani ataacha duka lake Mkunazini aweke wakili kwa hasara isiyofika nauli ya boti ya Pemba? Na kampuni inalijua hilo.

Kesi ya kundi ni dawa ya hesabu hiyo. Mtu mmoja au wachache hufungua shauri kwa niaba ya wote waliofikwa na jambo lile lile, na uamuzi ukitoka huwafunga wote. Marekani, ambako kesi hizi zimeota mizizi, mahakama za shirikisho hupima kwanza kwa Kanuni ya 23: je, watu ni wengi mno kuletwa mmoja mmoja, madai yao yanafanana, na hao wanaojitokeza watawatetea wenzao kwa haki? Shauri la fidia likikubaliwa, kila anayeingia kwenye maelezo ya kundi amo, hata kama hana habari. Asiyetaka ndiye anayeandika kujitoa.

Mfano mkubwa ni Equifax, kampuni inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu. Mwaka 2017 wadukuzi walipitia kasoro ya programu ambayo marekebisho yake yalikuwa yameshatolewa, ila kampuni haikuyaweka. Watu kama milioni 147 waliguswa, wengi wao hawajawahi hata kufungua mlango wa Equifax. Suluhu ya 2019 ilitangaza hadi dola 125 taslimu kwa mtu. Lakini fungu la malipo hayo lilikuwa dola milioni 31, linalotosha watu 248,000 tu kwa kiwango kile. Waliojitokeza wakazidi mno, kila mmoja akapata kipande. Haba na haba ilijaza kibaba, kibaba kikarudi kugawiwa haba haba. Kwa maoni yangu, faida ya kesi hizi haimo mfukoni mwa mdai. Imo kwenye maumivu ya kampuni, inayolipa jumla badala ya kungoja watu wachoke.

Kwetu hakuna mtindo huo wa Kimarekani. Kinachokaribia ni kesi ya uwakilishi. Bara imo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya 1, Kanuni ya 8: wengi wenye maslahi mamoja wanaweza kuwakilishwa na mmoja wao, kwa ruhusa ya mahakama na baada ya wenzake kutangaziwa. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za mwenendo, za asili ile ile ya enzi za Mwingereza.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ya kupokea malalamiko. Lakini huku visiwani haigusi mambo yasiyo ya Muungano, yale ambayo Zanzibar inajiendeshea yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kukusanya majina, wakili atakuuliza: aliyevujisha ni nani? Simu ni jambo la Muungano, utalii sio. Hoteli iliyotupa nakala za pasipoti za wageni ina mjadala wake.

Na lazima mdaiwa ajulikane. Nilirudi kwa yule muuzaji kumuuliza karatasi kazipata wapi.

"Tunauziwa kwa kilo, bwana," akanijibu, huku akinifungia mbili nyengine kwenye fomu ya mtu mwengine.