Deni peke yake halikunyimi kibali cha usalama

Vijana wetu waliopata uraia wa Marekani na kuomba kazi jeshini au kwa wakandarasi wa Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, huhitaji kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, nao huniuliza jambo lilelile: "Kaka, nina madeni, kibali nitapata kweli?" Nami huwauliza: deni la nini, la tangu lini, na umelifanyia nini mpaka leo?

Maombi hupimwa kwa vigezo 13, kuanzia A hadi M, katika mwongozo ulioanza kutumika Juni 8, 2017. Cha pesa ni F. Hofu ya kwanza ya serikali ni kwamba aliyebanwa na madeni anaweza kushawishika kuuza siri. Aldrich Ames wa CIA, aliyekamatwa Februari 1994, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985 akiwa na madeni na talaka. Baadaye alinunua nyumba kwa fedha taslimu na kuendesha Jaguar, ndiyo maana utajiri usioelezeka nao umo ndani ya F. Hofu ya pili, ambayo ndiyo ninayokutana nayo zaidi, ni kwamba asiyetimiza ahadi ya kulipa huenda asifuate pia kanuni za kulinda siri.

Tuseme ukweli, mafaili mengi hayana hata harufu ya Ames. Ni bili za hospitali, gari lililonyang'anywa, na kadi za mkopo zilizolemewa baada ya mtu kupoteza kazi.

Katika SF-86, fomu ya kuombea kibali, mambo haya yako sehemu ya 26. Wanauliza kuhusu miaka 7 iliyopita: umefilisika? Umeshindwa kuwasilisha au kulipa kodi? Una deni lililochelewa zaidi ya siku 120? Swali la kamari halina ukomo wa miaka. Usithubutu kuficha. Ripoti yako ya mikopo wataivuta wenyewe, na ukionekana umedanganya, unaingia pia kwenye kigezo E, cha mwenendo, na kusema uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai.

Wasiporidhika, hukuandikia barua ya sababu za kutaka kukunyima kibali. Madai yamepangwa kwa herufi: 1.a, deni la gari, 1.b, bili ya hospitali, 1.c, kodi ya mwaka fulani. Mfanyakazi wa mkandarasi ana siku 20 tangu aipokee kujibu kila kipengele, nakubali au nakana. Wengi huandika "nakubali" tupu, wakidhani ukweli umetosha. Hautoshi. Chini ya 1.b andika: nakubali, nililazwa mwezi fulani, bima ilikataa, nikaafikiana na hospitali kulipa kidogokidogo, risiti hizi hapa. Ugonjwa, talaka, kufiwa na kuachishwa kazi vinakubalika kama sababu, mradi uonyeshe kwamba wewe mwenyewe ulichukua hatua. Ukianza kulipa baada ya kupata barua, jaji anayeamua suala la kibali chako atauliza kwa nini hukuanza mapema. Deni lililofutika kwenye ripoti kwa kupitwa na wakati nalo hulihesabu kuwa hukulilipa.

Kodi ndiyo wanayoikazia zaidi, na mimi naona wana haki. Bili ya hospitali huichagui. Fomu ya kodi ni wajibu unaojulikana kila mwaka. Kama hujawasilisha, wasilisha zote kwanza, hata kama huna senti ya kulipa, kisha omba mpango wa malipo.

Kuhusu pesa za nyumbani: kumlipia mdogo wako ada Kisumu au Tanga si kosa, ila SF-86 inauliza kama umewahi kumsaidia kifedha raia wa nchi nyingine, kwa hiyo andika. Shida huja pale unapotuma kila mwezi huku malipo uliyoafikiana na mdai yakirukwa. Hapo hata mimi utetezi huniishia. Mwambie mama mapema kwamba mwaka huu utatuma pungufu.

Ukishapata kibali, kuchunguzwa hakuishi. Zamani walirudia kila baada ya miaka kadhaa; siku hizi mifumo yao hufuatilia rekodi zako muda wote, na deni jipya linaweza kuonekana kabla hujapata usingizi. Kufilisika, au deni kuvuka siku 120, unatakiwa uripoti mwenyewe kwa afisa usalama wa kazini kwako. Nenda kwake ukiwa na mpango wa malipo mkononi.